Viziere Imeenda Kabambare

Jumanne, 4 Juni 2024

Hippolyte,

Jana tuliondoa matanga. Ndugu zako walipanga vitu vyako juu ya mkeka, wakaita majina. Shati la bluu kwa mdogo wako Bruno. Dada yako Régina akapata koti la kazi — na ndani yake walikuwa wamekunja glavu zako nene na viziere, ile plastiki ngumu uliyovaa usoni kila ulipobadilisha ampuli, ile taa ya projekta ya sinema. Niliona. Mjane hasemi siku hiyo.

Leo asubuhi Régina amepanda pikipiki kurudi Kabambare, viziere usoni, vumbi lisimwingie machoni. Nimecheka kidogo. Mara ya kwanza tangu uondoke.

Alhamisi, 6 Juni

Faradji, mwenye sali, ule ukumbi wa sinema, amekuja. Amekuombea, amekunywa chai, halafu akasema kwa aibu. Picha inatetemeka. Mashini inaandika kwa rangi nyekundu kwamba ampuli imepita saa zake. Akiendelea kuiwasha inaweza kupasuka. Jumapili ni sinema ya watoto waliomaliza shule. Ampuli mpya iko ndani ya sanduku lake. Asipopata mtu, ataita fundi wa Kindu, na huyo akija hatarudi kwao, kazi itabaki kwake.

Bruno akadakia: atabadilisha yeye. Nafasi ya kaka yake haiendi kwa mgeni.

Nikamuuliza atajifunika na nini. Akatoa miwani ya jua mfukoni. "Shemeji, ampuli iko ampuli. Ya nyumba ninabadilishaka nikitafuna muhogo."

Nikamweleza kwamba ile ina gesi iliyoshindiliwa ndani. Hata ikiwa baridi inaweza kupasuka, vioo viruke kama visu. Akauliza nimesomea wapi, jikoni? Faradji akainamisha macho.

Nimesomea kwako. Miaka sita nimekushikia tochi. Ulizima taa ya mashini, ukaacha feni izunguke, ukangoja mpaka chuma kipoe — tulikula karanga. Halafu ulikata umeme. Ulivua pete, ukaniwekea kiganjani. Glavu. Viziere. Kioo cha ampuli hukukigusa kwa kidole hata mara moja. Ulisema mafuta ya ngozi yanakiunguza pale palipoguswa, taa ikiwaka. Mimi ulinisimamisha nyuma ya mlango, mkono tu na tochi ndani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia Régina. Mtandao umekatika mara mbili. Nikasema polepole: anirudishie viziere na glavu tu, koti libaki kwake. Akajibu:

"Wifi, kitu ya marehemu hairudi. Ukiirudisha, unamwita mwenyewe."

Akauliza kama ninasema ameiba. Akalia. Nikalia pia. Kosa si lake. Ni langu. Niliacha vitu vya kazi vihesabiwe pamoja na nguo za mfu.

Nikamwendea Faradji, aahirishe mpaka viziere nyingine ipatikane Bukavu. Hawezi. Kuna wazazi watakaokuja kutoka mbali, hata Nyangwe.

Jumamosi, 8 Juni

Bruno amepita. Hakuniamkia.

Jumapili, 9 Juni

Saa nane mchana. Niko ndani ya chumba cha projekta; nimeingia kabla yao. Nimefunga komeo. Sanduku la ampuli liko magotini pangu.

Bruno yuko nje. Mwanzoni aligonga akitania — eti nimekuwa direkta wa ofisi, yeye anaomba miadi. Sasa hatanii. Anasema namwaibisha mbele ya watu, kwamba namfungulia njia fundi wa Kindu. Faradji ananisihi nifungue, tutazungumza. Watoto wameanza kuketi. Nasikia viti vya plastiki vikiburutwa.

Nimejibu mara moja tu.

"Bruno, uso wa kaka yako niliufunika kwa shuka mimi mwenyewe. Wako sitaufunika."

Ameacha kugonga. Hajaondoka. Naona viatu vyake chini ya mlango.

Sijui nitakaa mpaka saa ngapi. Komeo ni dogo, wanaweza kulivunja. Na hata wasipolivunja, kesho ukoo wako utaniita mwanamke aliyeua kazi ya familia. Labda watasema mimi si wao tena.

Anagonga tena. Polepole safari hii.

Hippolyte, wao wakinisahau, wewe unikumbuke.