Migomba ya Atuganile Yarudi Kutoka Maabara

Jumanne, 9 Novemba 2004
Imefika! Bibi shamba Stumai ameileta mwenyewe, ndani ya boksi la sabuni, kila mche na kimfuko chake cheusi. Midogo mno — kama vitunguu vilivyochipua. Nimecheka peke yangu uani.

Mwezi wa Machi alichukua machipukizi mawili yaliyokuwa hayajanyauka, akayapeleka maabara. Nilidhani ndiyo nimeyaaga. Mke wangu Atuganile alifariki mwaka jana, na kabla hatujamaliza msiba, migomba yake ikaanza kuwa njano. Mnyauko. Aliileta kutoka kwao Makandana mwaka tuliooana, kichwani, akakataa kupokewa. Kule kwao sasa kumejengwa nyumba. Hakuna pengine pa kuipata.

Jumatano, 10 Novemba
Nimeitazama kabla hata ya kunawa uso.

Stumai amenieleza vizuri. Walikata kiini kidogo katikati ya chipukizi, mahali ugonjwa haujafika. Wakakitia kwenye chupa yenye chakula chake, kikazaa, wakagawa, kikazaa tena. Wamepima: ni mizima! Ila sharti moja — udongo wa shamba la zamani usiiguse. Ugonjwa unakaa humo miaka na miaka. Hata jembe nilioshe kwanza. Nitapanda upande wa juu, palipokuwa na mahindi.

Jumapili, 14 Novemba
Mkutano kuhusu miche hii, baada ya ibada, ofisi ya kata. Watu wamejaa mpaka madirishani! Jirani yangu Ambindwile kaanza: mgomba gani unazaliwa kwenye chupa? Huo tuupeleke kliniki ukapimwe uzito! Kicheko. Mimi pia nilicheka.

Kisha akauliza bila utani kama hii ndiyo ile ya kubadilishwa vinasaba inayosemwa redioni. Stumai akasema hapana, Mzee, hii haijabadilishwa kitu, ni mgomba uleule umezidishwa tu. Ile ya vinasaba ni habari nyingine, na hapa nchini bado inajadiliwa.

Akasimama shemeji yangu Prisca, mdogo wake Atuganile. Kwa hiyo mgomba wa dada yangu sasa ni wa nani? Wa maabara? Kesho watatuuzia? Stumai akasema huu ni wenu, lakini mbegu za wakulima zikishaingia maabara zilindwe vipi, hilo nalo linahitaji sheria. Hakumdanganya. Nimempenda kwa hilo.

Prisca amepita mlangoni bila kuniaga.

Alhamisi, 18 Novemba
Redio. Wataalamu wawili wamebishana kuhusu vinasaba — mmoja anasema tutaachwa nyuma, mwingine anasema sheria kwanza. Nimesikiliza mpaka betri zikaisha. Atuganile angeniuliza, na wewe uko upande gani? Sheria kwanza, nadhani. Lakini miche yangu imetoa jani jipya! Limejikunja kama sigara.

Hakuna wa kumwambia. Nimemwambia mbuzi.

Jumamosi, 20 Novemba
Siku ya kupanda! Mvua imenyesha vizuri usiku. Nimeosha jembe kwa sabuni, nimechimba, nimeweka samadi. Stumai yuko Bagamoyo, hii yetu ya karibu, si ile ya pwani, kwenye semina, atakuja jioni kuona.

Nikiwa nashusha mche wa kwanza, hodi! Prisca. Amevaa kitenge cha dada yake, jembe begani, uso umefunguka. Kanisalimu kikwetu: Shemeji, ugonile. Nimeomba usiku kucha, nimekubali tuipande. Mimi kwa furaha nikamshika mikono yote miwili.

Kumbe amepitia kule chini, kwenye shamba lililokufa. Amekuta chipukizi moja limeota pembeni ya shina alilopanda Atuganile kwa mkono wake. Kalichimbua na bonge lake la udongo. Kwao mgomba mgeni hupandwa pamoja na wa zamani, ili uwe na wa kuupokea. Nilikuwa nimesahau kabisa. Hata Atuganile alifanya hivyo hapa — alikwenda kwa mama yangu kuomba mmoja.

Nikamwambia, Shemeji, ule udongo unaumwa. Akalitazama chipukizi. Kijani, nono, huwezi kujua. Akasema, hili dada amelishika. Hayo yako ameshika nani?

Nimesema naingia ndani kuchukua maji ya kumwagilia. Sijachukua maji. Naandika nimesimama. Nje Prisca ananiita kwa jina la mwanetu, sauti ileile ya dada yake, Baba Happy, wapi nianze? Halafu hajasubiri. Nasikia jembe lake, lisilooshwa, likiingia ardhini.