Ningoje au Nianzishiwe?

Nyumbani, kwenye meza yangu ya kazi,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla sijafika kwangu, nianze na kwenu. Mgongo umekuachia angalau ulale? Shemeji kikohozi kimepoa? Na mwanangu wa darasa la pili, bado anaficha meno yake yaliyong'oka chini ya zulia? Huku tunapumua. Mama mzima, mume wangu mzima, na mimi ningesema ni mzima ila nisingependa kukudanganya kwenye aya ya kwanza.

Najua unacheka. Fundi simu mzima anaandika barua! Simu za wateja watatu zimelala hapa mezani vifuniko wazi, nami nahangaika kutafuta kalamu. Lakini nikikupigia, utasikia sauti yangu, utaniuliza nina nini, nami nitalia mpaka salio liishe. Kwenye karatasi naweza kulia na bado ukanisoma.

Mtoto hajatoka, Dada. Tarehe waliyonipa kliniki imepita, na wiki nzima imepita juu yake. Tumbo limenizuia hata kuifikia meza; nafanya kazi kwa ubavu kama mtu anayechungulia dirishani. Kila anayekuja kuchukua simu yake salamu ni moja: "Bado tu?" Jana mmoja akanishauri nimzime mtoto, nihesabu mpaka kumi, kisha nimwashe. Nilicheka naye vizuri, nikamrudishia chenji, nikaingia ndani nikalia.

Jana hiyohiyo nilikwenda kupimwa. Mkunga wetu, yule mama mrefu wa miwani niliyekusimulia, alisikiliza, akapima, akanikalisha. Mtoto ni mzima, moyo unapiga sawasawa, lakini maji yanayomzunguka yameanza kupungua, na kondo la nyuma nalo linachoka kadiri siku zinavyokwenda. Akasema kuna njia mbili. Nianzishiwe uchungu sasa, au ningoje mpaka mwisho wa wiki nikirudi kupimwa kila mara.

Nikamuuliza ipi haina hatari. Hakuzunguka: hakuna. Kuanzishiwa kunaweza kuchukua muda mrefu, maumivu yakawa makali zaidi, na uchungu ukigoma kuja, safari inaishia chumba cha upasuaji. Kungoja nako, mara nyingi uchungu huja wenyewe na mambo yakaenda salama, ila mara chache mtoto huchoka ghafla. Hilo neno "ghafla" linanifuata mpaka chooni.

"Mimi ushauri wangu tuanze," alisema, "lakini mwili ni wako, mama. Siwezi kukuamulia." Dada, kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mtu anifokee na kuniamrisha.

Shemeji yako ndiye usiseme. Nguo za mtoto amezifua mara sijui ngapi, zimeanza kupauka kabla hazijavaliwa. Nikimuuliza, jibu lake ni lilelile: "Utakaloamua, mimi nipo." Nipo, nipo, kama nguzo ya umeme! Juzi, habari ya kuanzishiwa ilipoguswa tu hapa nyumbani, Mama aliposema haraka haraka haina baraka, yeye akajibu chini chini kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama alimtazama mpaka fundi bomba wa watu akakumbuka kuna bomba linavuja kwa jirani.

Maana Mama na mimi tulikuwa upande mmoja: tungoje. Na sababu yetu ulikuwa wewe. Unisamehe, ninaligusa jambo ambalo hatujawahi kuligusa.

Nilikuwa shule ya bweni yalipokukuta, na habari niliyoipokea ilikuwa moja. Walimtundikia Dada dripu ya kuanzisha uchungu, na dripu ikamuua mtoto. Ndivyo ilivyosemwa nyumbani, ndivyo walivyoambiwa majirani, ndivyo nilivyokua nikiamini. Mpaka leo nikipita wodini nikaona ile chupa inaning'inia, natazama pembeni. Kwa hiyo mkunga alipouliza kama katika familia kuna aliyepata shida ya uzazi, nikamweleza hivyohivyo, tena kwa ukali kidogo ili ajue sidanganyiki.

Mama alikuwa amekaa kando yangu, mkoba mapajani. Akasema, "Si dripu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea akiutazama mkoba wake. "Si dripu, mwanangu. Mtoto wa dada yako alikuwa ameacha kucheza tumboni hata kabla hatujatoka nyumbani. Aliniambia. Nikamwambia huyo ni mtoto mtulivu, ana adabu kama mama yake, mshukuru Mungu. Nikamwambia angoje." Halafu akasema mlipofika hospitali mashine haikusikia kitu, na dripu waliitundika baadaye, ili uweze kumzaa.

Unaijua nyumba yetu. Mtoto mwema hasikiki. Wenzetu walisifiwa kwa kushika namba ya kwanza, sisi tulisifiwa kwa wageni kukaa mchana kutwa bila kujua kama humo ndani mna watoto. Sidhani kama kuna nyumba nyingine duniani ambayo kimya cha namna ile kingehesabiwa kuwa ni adabu.

Na wewe ulijua, Dada. Miaka yote hii ulijua, ukaiacha dripu ilaumiwe ili Mama asilaumiwe. Imeniuma, na nimekuonea huruma ambayo imechelewa sana.

Njiani nikamuuliza Mama, basi nifanyeje? Akasema, "Usiniulize mimi. Mimi sijui." Umewahi kumsikia Mama akisema hajui? Mama huyu anayejua chumvi imezidi kwa kunusa tu, anayejua aliye mlangoni ana shida gani kwa jinsi anavyobisha hodi! Tangu hapo nakaa roho mkononi. Naogopa dripu, naogopa kungoja, naogopa kisu. Zaidi ya vyote naogopa kuchagua, nikakosea, na miaka yote itakayobaki iwe ni mimi niliyechagua.

Dada, niliacha kuandika hapo juu, na sasa naendelea nikiwa hospitali, kwenye benchi nje ya wodi. Usishtuke, nisome taratibu.

Nilipoandika habari za kucheza, nilijiuliza wangu amecheza lini mara ya mwisho, nikakosa jibu. Kawaida nikiwasha ile mashine ya hewa ya moto ya kubandulia vioo vya simu, hunirushia teke papo hapo. Nadhani hapendi kelele yake. Nikaiwasha. Kimya. Nikanywa maji baridi, nikalala ubavu wa kushoto kama tulivyofundishwa. Kimya. Na bado nikawa najiambia amelala tu, usiwasumbue watu, Mama anafua. Ndiyo, Dada. Hata mimi.

Basi nikapiga kelele. Nilimwita Mama kwa sauti ambayo nyumba ile haijapata kuisikia, jirani akatoka nje na ufagio. Mama akaja mbio, mikono ina sabuni, akaweka kiganja tumboni. Hakusema mtoto ametulia. Alisema, "Vaa viatu."

Mkunga aliponiwekea kile chombo cha kusikilizia, kwanza ilisikika mikwaruzo tu. Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa nimemshika Mama kifundo cha mkono mpaka kucha zikamwacha alama, naye hakuutoa. Kisha moyo ukasikika, wa haraka haraka, mdogo, mkaidi. Baadaye kidogo akarusha teke hata chombo kikasogea. Alikuwa amelala kweli, mjinga yule.

Mkunga akasema mapigo ni mazuri, naweza kurudi nyumbani nikalale, nije kesho asubuhi. Mama akatazama sakafu. Hakuna aliyeniamrisha. Nikasema, "Nianzishieni." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

Usidhani nimekuwa shujaa. Wameniambia kwanza wataniwekea dawa ya kulainisha njia, dripu itafuata, na huenda ikawa safari ndefu. Sijui kama nimechagua sawa, na huenda nisijue kamwe. Najua tu kwamba siwezi kulala nyumbani nikisikiliza tumbo usiku kucha. Shemeji yako amekuja moja kwa moja kutoka kazini, ovaroli imelowa mpaka magotini, amekaa sakafuni amenishika mguu kwa sababu mikono yote miwili imeshikwa na barua yako. Leo hiyo "nipo" yake naiona kubwa.

Wanafungua mlango, nifupishe. Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya kikohozi ni kumeza, si kuiweka dirishani. Mbusu mwanangu wa meno. Shangazi na yule binamu yetu Kipara wanakusalimu wote. Mama anakusalimu mara mbili. Anataka kukuandikia mwenyewe na amekwama kwenye neno la kwanza. Akikuandikia, usimjibu kwamba yamepita. Mungu awatunze nyumba nzima, na atusimamie sisi huku, mimi na huyu.

Jambo moja, Dada, na hili nijibu hata kama mengine hutayajibu. Miaka yote tumemwita "yule mtoto", au hatukumwita kabisa. Leo hapa kwenye benchi nimegundua kwamba sijui hata kama alikuwa wa kike au wa kiume. Uliniambia jina la kila mwanasesere tuliyewahi kuwa naye, lakini hilo hukuniambia, nami sikuuliza. Ulimpa jina gani? Wangu akitoka nataka kumwambia.

Wako akupendaye, anayeogopa sana,

Mdogo wako