Rimoti Moja, Nyumba Mbili

Milalani,
Msambweni.
Jumanne, 11 Februari 2025.

Mpendwa dada yangu Twaiba,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Salala, wewe na shemeji Luqman pamoja na watoto, na kwamba mgongo wako umekwisha kutulia. Sisi huku hatujambo, ila joto la kaskazi limezidi mwaka huu. Madirisha hatuyafungi, mchana wala usiku.

Mama hajambo. Nilikwenda Shimoni kumwangalia Ijumaa iliyopita, nikakuta uvimbe wa mguu umepungua na ulimi wake uko palepale. Anakulaumu kwamba simu zako humkuta juu ya msala akisali. Ile shali uliyomletea haivai; ameikunja kabatini, anasema anaingoja harusi ya mjukuu. Mjukuu mwenyewe yuko kidato cha pili.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa mkono na simu ninayo. Sababu ni ua wetu. Kutoka dirisha langu mpaka la Yusra ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu, na maneno ya simu huvuka. Kheri anarudi huko kazini Jumamosi, nimempa amana akuletee. Mficha uchi hazai, nami kwako sifichi kitu.

Dada, nina wivu. Ulinionya miaka mitatu iliyopita Alfani alipomwoa Yusra, nikakujibu kwamba mimi ni mtu mzima, nimekaa na mume miaka kumi na minne, mke mwenza wa miaka ishirini na sita hanitishi. Nilikudanganya. Kila sahani inayoingia nyumba ile naijua rangi yake. Mwezi uliopita nilikuwa nimekwisha kufunga sanduku nirudi kwa mama, na kilichonifungisha sanduku ni rimoti ya runinga. Usicheke kwanza.

Hoteli anayofanya kazi Alfani kule Diani ilibadilisha runinga za vyumbani, na zile za zamani wakauziwa wafanyakazi. Yeye yuko stoo, akawahi mbili, pacha, kampuni moja na kimo kimoja. Unamjua shemeji yako. Akinunua leso hununua jozi mbili, akinunua papa mkavu humgawa kwa mizani, na uadilifu wake huo anausimulia mpaka barazani kwa watu. Ila rimoti hazikuwemo, zilikwisha kupotea hukohuko hotelini. Na kila nyumba ina dikoda yake na spika yake, kwa hiyo akasema itafutwe rimoti moja ya kuendesha vyote vitatu.

Kwenda kuichagua Ukunda akamchukua Yusra. Alisema Yusra amesoma kompyuta, atazielewa namba za kuiunganisha rimoti na runinga. Mimi niliyemchagulia kitambaa cha kanzu ya harusi yetu nikabaki nachambua mchele. Waliondoka asubuhi wakarudi alasiri, Yusra ameshika mfuko wa njano wa dukani na karatasi ya viazi karai iliyolowa mafuta. Asubuhi mpaka alasiri kuchagua rimoti, dada. Posa yangu haikuchukua muda huo.

Wakaja na moja tu. Alfani akanieleza, Yusra amesimama pembeni, kwamba kwa vile runinga ni pacha, rimoti moja yatosha nyumba mbili, nayo itafuata zamu, siku mbili kwake na siku mbili kwangu.

“Hapo hakuna wa kusema mwenzake kapendelewa,” alisema, akaitia mfukoni mwa kanzu.

Kwa hiyo siku zisizo zangu runinga yangu ikawa kioo cha kujitazamia. Nilistahimili. Kisha siku moja, zamu yangu, akaingia baada ya Magharibi, akapapasa mfuko, akakumbuka kwamba rimoti ameisahau kwa Yusra. Akavuka ua kuifuata. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na kamba wa kukaanga. Nikasikia mlango ukifunguliwa, nikamsikia Yusra akicheka, na kamba wakapoa. Aliporudi taarifa ya habari ilikuwa inamalizikia michezo. Alikula macho yakiwa kwenye runinga, hata kama chumvi imezidi hakusema. Usiku uleule nikafunga sanduku.

Asubuhi hasira ikageuka. Nikajiambia, niiache nyumba niliyoipaka chokaa kwa mikono hii, nimwachie nani? Nitakwenda kununua rimoti yangu. Nikanakili kwenye karatasi maandishi yote yaliyo mgongoni mwa runinga, herufi kwa herufi bila kujua maana yake, na ya dikoda na ya spika. Nikamwambia Alfani nakwenda kliniki ya presha. Mungu anisamehe, na presha yenyewe ilipanda kweli.

Ukunda sikupata tabu, niliufuata ule mfuko wa njano mpaka duka lenye mifuko kama ile. Mwenye duka ni mwanamke wa bara, anaitwa Nafula, mchangamfu. Akanipangia rimoti mezani.

“Mathe, kuna hii ya kuweka code, kuna hii inajifunza kutoka kwa ile ya zamani, na kuna hii ya button kubwa, hii ni ya wazee.”

Aliposema wazee alinitazama. Nikaisogeza kando ile ya wazee ingawa vitufe vyake nilivipenda. Ile inayojifunza huwekwa uso kwa uso na rimoti ya zamani, ikafundishwa kitufe kimoja kimoja kama mwari na somo wake, nayo ilikuwa nzuri, lakini somo mwenyewe yuko mfukoni mwa kanzu ya Alfani. Ikabaki ya namba. Nikamuuliza kama anamkumbuka bwana mmoja wa Msambweni aliyekuja na mkewe kijana.

“Yule wa kanzu? Hao walichukua haraka sana, hata dakika kumi hawakumaliza hapa.”

Dakika kumi. Sasa hebu niambie, dada, asubuhi ile nzima walikuwa wapi? Nilisimama pale nahisi mafuta ya viazi karai yananichoma kifuani. Nikachagua rimoti kubwa kuliko yao, yenye taa nyekundu kichwani. Sikuuliza kama ndiyo inayofaa zaidi, nilitazama kwamba inaizidi ya Yusra. Nafula akanisomea karatasi yangu, akaniandikia namba nne za kampuni ile, akanifundisha: washa runinga kwa kitufe cha nyuma, ambacho sikuwa nakijua, kisha shikilia kitufe cha rimoti mpaka taa iwake, tia namba, elekeza, ukiona runinga imezima ujue imekubali.

Nyumbani namba ya kwanza ikakataa, ya pili ikakataa. Ya tatu nikaijaribu nimesimama mlangoni, mgongo kwenye ua, kwa kuchanganyikiwa tu nikaiinua na kuigeuza huku na huku. Runinga yangu ikazima. Nikamsikia Yusra ng'ambo akisema, “Yaa Rabbi, na hii nayo?”, maana aliiwasha ya kwake kwa kitufe cha nyuma ili afue akisikiliza, nayo ilikuwa imezima. Yeye ameitundika ikikabili dirisha, wapitao waione. Pacha zile, dada. Anayeamrisha moja anaamrisha zote mbili.

Hapo shetani akaniingia, nami sikumfukuza.

Zamu ya Yusra ilipofika, Alfani akaketi kusikiliza taarifa ya habari ya saa moja. Nikazima taa ya chumbani kwangu, nikaegemea dirisha, nikabonyeza. Akaiwasha, nikaizima. Akaiwasha tena. Nilihisi raha ambayo siku nyingi sijaihisi. Kesho yake akaletwa fundi Katana, akaifungua, akapuliza vumbi, akatoa hukumu kwamba runinga za hoteli zimezoea kuzimwa mgeni anapotoka, kwa hiyo zikichoka hujizima zenyewe. Yusra akafukiza ubani chumba kizima. La kuvunda halina ubani, nikajisemea, nikicheka ndani ya leso. Na zamu yangu ilipofika runinga yangu ikawaka mpaka mwisho, Alfani akasema ya kwangu ina baraka. Nililala na neno hilo.

Lakini sikiliza yaliyonipata. Zamu ya Yusra iliyofuata nikazima kama kawaida, na Alfani hakushindana nayo. Alitoa mkeka, wakakaa nje mlangoni, na akaanza kumsimulia kile kisa cha mgeni aliyepiga simu hotelini kwamba chumbani mwake kuna mnyama, kumbe ni kaa ameingia kiatuni. Kisa hicho ni changu, dada. Alinisimulia mimi tulipokuwa wapya, akaigiza mwendo wa kaa kwa vidole juu ya mkono wangu, na sijakisikia tena miaka mingapi sijui. Yusra alicheka mpaka akakohoa. Nami niko gizani na rimoti mkononi, mimi mwenyewe niliyewazimia runinga nikawapa mazungumzo. Nililia, sikufichi.

Nawe utasema, si ungezima na ya kwako zamu yako? Niliogopa. Kwa Yusra runinga ikizima anamsimulia visa. Je, kwangu ikizima akakaa kimya? Nikaona bora iwake, nisijue.

Siku mbili baadaye, asubuhi Alfani yuko kazini, Yusra akavuka ua na sahani ya mkate wa sinia amefunika kawa. Hana kawaida hiyo kwangu. Akakaa kibarazani, akaniambia taratibu, “Da Mishi, ile taa yako nyekundu naiona dirishani tangu siku ya pili.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza mbona hakumwambia mume.

“Nimwambie ili iweje? Tangu hizi tivi zije, hajanisemesha mpaka ulipoizima. Mimi nilidhani maneno yote huyamaliza kwako.”

“Nami nilidhani huyamaliza kwako,” nikamwambia.

Nikamuuliza na siku ile ya Ukunda je. Akacheka kwa uchungu. Rimoti walinunua mara moja, kisha Alfani akaingia kwa kinyozi palipokuwa na mpira kwenye runinga, akamkalisha yeye kibarazani juani na viazi karai mpaka mchezo ulipokwisha. Yeye kaja na karatasi ya mafuta, mimi nimekonda kwa karatasi hiyo.

“Nakuomba usiache,” akasema. “Ukisikia nakohoa, zima.”

Nikamwambia nitazima, lakini na yeye anizimie mimi. Ilikuwa vigumu kuliomba hilo kwa mke mwenza, dada. Ni kama kumwomba akutazamie mapenzi kama bado yapo.

Kwa hiyo sasa rimoti yangu nayo inafuata zamu kama ile ya Alfani, ila hii hukaa kwa asiye na zamu, na hupita ua ikiwa chini ya kawa, juu ya mahamri au mkate wa sinia, wala Alfani hajui. Jioni ya kwanza nilipokohoa, mlango nimeuacha wazi, runinga yangu ikazima wanasiasa wako katikati ya maneno. Alfani akaipiga ubavuni, akasema Katana alisema kweli. Kisha akanyamaza. Nilikuwa nakunja nguo, nikaikunja kanzu moja mara tatu. Nikajiambia akichukua simu tu, kesho niko Shimoni.

“Hivi mguu wa mama umefikia wapi?” akaniuliza.

Nikamjibu, akauliza tena jingine, na baadaye akanieleza habari za meneja mpya anayehesabu hata vijiko. Aliigiza meneja anavyohesabu. Si kisa cha kaa, lakini ni kisa. Sanduku nimelifungua, nguo nimezirudisha kabatini. Na shemeji yako anatembea kifua mbele, anasimulia barazani kwamba wake zake wanapelekeana vyakula kwa sababu ya uadilifu wake.

Ramadhani imekaribia; nikumbuke katika dua zako. Nisalimie sana shemeji Luqman na watoto. Kaka Issa anakusalimu, anasema hajasahau ahadi ya viatu. Mama anakusalimu na kukuombea dua, na mimi nakuomba umpigie nje ya saa za sala. Usimwoneshe mtu barua hii. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, aipe baraka riziki yako, atukutanishe uso kwa uso tukiwa wazima.

Nilitaka kukuandikia kwamba wivu umekwisha, lakini nimekwisha sema sikufichi. Jana kwa Yusra Alfani alicheka mara tisa. Juzi kwangu ilikuwa saba, nimehesabu. Leo bado ni zamu yake, rimoti iko hapa juu ya karatasi, na wimbo wa taarifa ya habari nausikia. Yusra amekwisha kukohoa mara mbili. Leo nitawaacha waitazame mpaka mwisho.

Wako akupendaye daima, kwa moyo usiogawanywa kwa zamu,

Mishi