Harufu Chumbani kwa Mama

Buguruni, 3 Machi 1994

Mwanangu Nusaiba,

Salamu nyingi. Mie mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Wewe je, hujambo na kazi za watu huko Maskati?

Jiko la gesi ulilonitumia limefika. Chai inachemka hata sijamaliza kupanga vikombe! Uani sithubutu kuliweka, wezi watalibeba. Napikia chumbani, mtungi uko kando ya kitanda, na dirisha nafunga upepo usizime moto. Ila kuna harufu kama ya yai viza. Nahisi panya kafia uvunguni. Jirani yangu Tunu kasema kesho atakuja tumtafute.

Mama yako,
Hamisa


Maskati, 20 Machi 1994

Mama, shikamoo.

Natumai umzima. Mama, huyo si panya! Ni gesi inavuja. Funga koki ya mtungi, fungua mlango na dirisha. Usiwashe kiberiti wala koroboi, swichi ya taa usiiguse. Mtungi utolewe nje, fundi apake maji ya sabuni kwenye mpira wa kupitisha gesi. Panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Haya nilipaswa kukueleza kabla sijalituma. Nijibu upesi.

Mwanao,
Nusaiba


Maskati, 29 Aprili 1994

Mama, shikamoo.

Hujambo? Sioni barua. Chakula hakishuki. Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao


Buguruni, 14 Mei 1994

Mwanangu,

Alhamdulillahi, mie mzima. Nilinyamaza kwa aibu. Barua yako ilifika Tunu akiwa na wiki ya tano wodini.

Alikuja kesho yake kama alivyoahidi. Umeme ulikuwa umekatika. Akainama uvunguni, akasema, "Bi Hamisa, sioni kitu, nipe kiberiti." Nikampa mie, kwa mkono wangu huu. Moto ukamrukia usoni na mikononi. Nikamfunika blanketi, mumewe Mwinjuma akambeba mbio hospitali.

Jumatatu Tunu karudi nyumbani. Macho mazima, vidole bado havikunjiki, namlisha mie. Nilimwomba radhi nikilia. Akasema, "Nani alijua, Bi Hamisa?"

Fundi kabadilisha mpira, kapaka sabuni mbele yetu sote, hakuna povu. Jiko sasa liko barazani, peupe. Jana nikataka kumchemshia Tunu uji. Nikapiga kiberiti. Akaniwekea begani mkono wake wenye bendeji, macho yake kwenye ule moto.

Nikakipuliza. Tukala mkate mkavu.

Mama yako