Mshale Umeshuka

Jumatatu, 23 Aprili 1956
Joto la ajabu leo hapa Ruiru. Nzi wamelala juu ya sukari, hata kufukuzwa hawataki. Asubuhi nimeigonga saa ya hewa ya Bwana – ile ya ukutani isiyojua saa, ina mshale tu wa kusema jua au mvua. Kuisoma nilijifundisha mwenyewe, mimi mpishi tu, nikipangusa vumbi. Macho ya Bwana ni mabovu, kwa hivyo nikisema mvua, ni mvua. Mwezi jana nilileta mvua ya uwongo mara mbili, siku za kufua mazulia.

Jumanne, 24 Aprili
Mshale umeanguka! Sijawahi kuuona huko chini. Nikamkimbilia Bwana, nimejaa furaha – nani hapendi kujua jambo kabla ya wengine? Akasema hiyo ni dhoruba kubwa, baridi na mvua ya mawe. Akanipa koti lake kuukuu la sufu, akaniita boi mzuri. Nina miaka arobaini na tatu.

Saa nne amri ikatoka: miche ya kahawa ifunikwe. Macharia, nyapara wetu, akapita laini ya wafanyakazi na mkokoteni, nyumba kwa nyumba, akikusanya magunia. Yote! Hata yale watu wanajifunika usiku. Nyasi mpya za kuezeka kwa Mbithe pia zimeenda kwa miche. Mbithe ni mchumaji kahawa, jirani yangu. Mume yuko kizuizini, mtoto ana siku kumi na tisa, paa lina tundu la kupitisha mbuzi.

Mbithe alimwuliza Macharia, sasa mtoto nimfunike na nini? Macharia akamwambia: mfunike na huo mdomo wako, unatosha. Watu wakacheka. Hata mimi, kidogo.

Jumatano, 25 Aprili
Nimejaribu kurekebisha. Nikamwambia Bwana mshale umepanda, magunia yanaweza kurudi. Akachukua miwani ya Memsahib, mkewe, akaenda kutazama mwenyewe. Halafu akanitazama mimi. Memsahib ndiye alisema: uwongo mwingine mmoja, pasi yangu ya kazi inaenda kwa polisi Thika, na mimi nyuma yake.

Mchana Bwana akarudi kutoka Thika na turubai jipya la trekta. Farasi wameletwa barazani. Mimi nikaambiwa niandike tangazo la laini: "Dhoruba inakuja. Kaeni ndani. Funikeni watoto vizuri." Mwandiko ulitoka safi sana. Mbithe hajui kusoma, akaniomba nimsomee. Nikasoma. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Wuui, mpishi! Hiyo karatasi ni kubwa, nipe nimfunike nayo."

Nikamwambia polepole: mawe yakianza, njoo mlango wa jikoni, bisha mara tatu, nitafungua.

"Kweli, mzee?"

Kweli.

Akagusa mkono wa koti langu. "Sufu hii. Wewe umeoa hewa, nayo imekuvisha."

Ningeweza kulivua pale pale. Nilifikiria hivyo njiani, nikirudi.

Alhamisi, 26 Aprili. Saa tisa mchana
Giza mchana! Upepo, halafu baridi ya kuuma meno, halafu mawe. Makubwa kama mayai ya njiwa. Kuongea ni kupiga kelele.

Sebule inavuja. Bwana na Memsahib wamehamia kwangu jikoni, karibu na jiko. Miaka tisa hawajakaa hapa! Memsahib anasema kumbe kuna joto. Bwana anauliza miche imefunikwa vizuri? Vizuri sana, Bwana.

Niko stoo ya unga, mlango wazi. Wanadhani naandika vitu vya kununua.

Mlango wa nje. Moja, mbili, tatu.

Memsahib anauliza ni nini hiyo. Nikasema mawe, Memsahib.

Anasema ni vizuri watu wa laini wamejifungia ndani, salama.

Tena. Moja, mbili, tatu. Safari hii chini ya mlango, pale mtu aliyepiga magoti anaweza kufika. Na kitu kingine, chembamba, kinalia – nikakohoa kwa nguvu.

Bwana amegeuza kichwa. Ananitazama vile alinitazama jana. Ufunguo wa mlango uko mfukoni mwa koti, naushika. Umepata joto.

Mawe tu, Bwana.

Amerudia chai yake.

Tena. Moja. Mbili.

Nangoja ya tatu.