Chavua ya Mierezi Tu

Goro, naapa kwa kaburi la mama, leo sitii chumvi hata punje.

Wazee wa klabu yetu ya kuimba wamekuja na spika chini ya misakura, ile miti ya maua ya waridi. Nyimbo za machipuko TENA! Ua linaanguka, treni inaondoka, mtu anapunga mkono. Kinyaa!

Wanalia mpaka kamasi inaingia kwenye maikrofoni, na mwenzao anaipokea hivyohivyo anaimba! Nikasema, "Atakayelia sasa atawanunulia wote dango, vile vidonge vitamu vya mchele."

Ukapigwa wimbo ule wa baba aliyebaki stesheni. Na unajua binti yangu Chinatsu kahamia Tokyo Jumapili.

Bibi Sumie akanikodolea macho. "Mzee Tatsuhei, mashavuni kuna nini?"

"Chavua ya mierezi tu, inanitoa machozi!"

"Chavua? Si wewe mwaka jana ulituambia umelala msituni mwezi mzima bila chafya, mierezi ikakuomba radhi?"

Wakaangua kicheko. Uongo wangu mwenyewe, Goro! Wangu mwenyewe!

Sasa niko foleni ya dango, nawanunulia wote. Wimbo wanaurudia, unasikika mpaka huku. Muuza dango kanipa kitambaa bila kuuliza.

Ni chavua, nakwambia.