Mto wa Otylia

Kraków, 3 Februari 1884

Binti yangu Otylia,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila kikohozi hakijamwachia mama yako. Wewe je, baridi ya Munich umeizoea?

Maonyesho ya picha ni Mei. Mabinti wa maji, wale wa ngano za kale, nimeshawamaliza wote watano, lakini wameketi kwenye turubai tupu. Mto na mierebi, ile miti ya ukingoni, ni kazi yako, miaka tisa sasa. Rudi upesi.

Akupendaye,
Baba

Munich, 15 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwambie mama anywe maziwa ya moto na asali, asijifanye shujaa.

Mto nitauchora. Ila safari hii jina langu likae mbele, kando ya lako. Miaka tisa watu wanakusifu kwa maji yangu, nami napokea makoti yao mlangoni. Nimechoka, Baba.

Mwanao,
Otylia

Kraków, 2 Machi

Binti yangu,

Asali imemsaidia mama yako. Wewe umepatwa na nini huko? Nani alikufundisha kushika brashi? Mabwana wa kamati ya maonyesho wakiona jina la mwanamke, watacheka mpaka mbavu ziwaume.

Haya, nakubali nusu. Turubai nimelipakia kwenye treni, lichore hukohuko. Jina lako nitaliandika nyuma.

Baba

Munich, 20 Machi

Baba,

Shikamoo. Turubai limefika salama, nami nalirudisha kama lilivyo. Maandishi ya nyuma ya picha husomwa na buibui tu.

Ulinifundisha wewe, sikatai. Ulinifundisha pia kwamba mtu hutia sahihi kazi yake. Mto wangu nauchora kwenye turubai langu, bila mabinti wako. Yumo dobi wetu Jagna, na miguu yake mikubwa. Ukitaka kukasirika, kasirika.

Mwanao,
Otylia

Kraków, 11 Mei

Otylia,

U hali gani? Aprili nzima sikukuandikia kwa sababu ya hasira. Nilijaribu mto mwenyewe. Mama yako akauliza kwa nini mabinti wanaoga kwenye supu ya viazi, nikaukwangua wote.

Jana niliitundika picha vilevile, mabinti wameketi hewani. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza mbele ya watu mto uko wapi. Nikamwambia, "Mto huchorwa na binti yangu, Otylia Wierzchoń. Miaka yote tisa ni yeye. Ukiutaka, mfuate Munich."

Wakacheka, kama nilivyokwambia. Nikasimama palepale chini ya picha mpaka walipofunga milango.

Baba yako, ambaye bado amekasirika